Kingamwili iliyofifia: uchambuzi wa kisa cha chembe za damu kuvunjika siku kadhaa baada ya mgonjwa kuongezewa

Jina, umri kamili, tarehe na mahali vimeondolewa. Siku zinahesabiwa kuanzia siku mgonjwa alipoongezewa damu, ambayo ni siku ya 0. Himoglobini imeandikwa kwa gramu kwa desilita.

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, uzito kilo 52, ana selimundu (HbSS, yaani amerithi himoglobini S kwa wazazi wote wawili). Kichwa cha mfupa wa paja la kushoto kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu, kama inavyowapata wengi wenye ugonjwa huu, na alilazwa ili abadilishiwe nyonga. Himoglobini yake akiwa hana shida ilikuwa kati ya 6.5 na 7. Siku ya kulazwa ilikuwa 6.8.

Daktari wa ganzi na daktari wa magonjwa ya damu walikubaliana aongezewe chupa mbili kabla ya upasuaji. Lengo lilikuwa kufika karibu na 10 bila kupita hapo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu damu ya selimundu ikiwa nzito mno hupita kwa shida kwenye mishipa midogo, na hapo unaleta balaa ileile uliyotaka kuizuia.

Kwenye fomu ya maombi ya damu kuna swali: je, mgonjwa amewahi kuongezewa damu? Lilijibiwa "haijulikani". Kwenye daftari la wauguzi, chini ya orodha ya dawa, mtu mwingine alikuwa ameandika: "Anasema hospitali aliyotibiwa utotoni walimwambia damu yake huwa shida kupatikana." Sentensi hiyo iliishia wodini.

Siku ya 0: vipimo vya kabla ya kuongezewa

Kundi lilikuwa B, RhD chanya. Benki hii ya damu huwapa wagonjwa wote wa selimundu damu iliyolinganishwa pia kwa antijeni (alama za kurithi kwenye uso wa chembe nyekundu) C, E na K, kwa hiyo antijeni hizo tatu zilipimwa, na zote hakuwa nazo. Antijeni za Kidd na Duffy, mifumo mingine ya makundi ya damu, hazikupimwa.

Uchunguzi wa kingamwili ulifanywa kwa tyubu, kwa seti ya chembe mbili za uchunguzi. Katika kila tyubu liliwekwa tone 1 la chembe zenye mchanganyiko wa asilimia 3, matone 2 ya plazma ya mgonjwa na matone 2 ya LISS (kimiminika chenye chumvi kidogo kinachosaidia kingamwili kushika chembe), kisha dakika 15 kwenye nyuzi 37. Chembe zilioshwa mara nne kwa salini, yakaongezwa matone 2 ya kitendanishi cha Coombs, kinachoshikanisha chembe zilizofunikwa na kingamwili, tyubu zikazungushwa na kusomwa. Zote mbili hasi. Chembe za kuhakiki, zile zilizokwisha kufunikwa na kingamwili makusudi, zilipoongezwa zilishikana vizuri. Maana yake kuosha kulikuwa safi na kitendanishi kilikuwa hai, hivyo jibu hasi lilikuwa hasi halali.

Kumbukumbu za benki zilitafutwa kwa jina na kwa namba. Hakuna kitu. Utaratibu unasema kwamba uchunguzi ukiwa hasi na kukiwa hakuna rekodi ya kingamwili, inatosha kufanya kipimo kifupi cha ulinganifu: plazma ya mgonjwa na chembe za mchangiaji, kuzungusha papo hapo, kusoma. Kipimo hicho kinakamata makosa ya kundi la ABO tu. Chupa mbili za B, zisizo na C, E wala K, zilitolewa.

Hazikuleta shida yoyote wakati wa kuingia. Siku ya 1 himoglobini ilikuwa 9.3. Upasuaji ulifanyika siku ya 3, damu iliyopotea haikuwa nyingi, na siku ya 4 himoglobini ilikuwa 8.4.

Siku ya 7 hadi ya 9: dalili zinasomwa vibaya

Jioni ya siku ya 7 alianza kuumwa mgongo na mapaja, joto likafika 38.3. Kwa mgonjwa wa selimundu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, wazo la kwanza la mtu yeyote wodini ni maumivu ya selimundu pamoja na maambukizi. Alipewa maji ya mshipa, mofini na antibayotiki. Si uamuzi wa kulaumiwa. Kasoro yake ni kwamba ulisimama peke yake kwa siku mbili.

Siku ya 8 macho yalikuwa ya njano kuliko kawaida yake na mkojo ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Kijiti cha mkojo kilionyesha damu kwa nguvu zote, ilhali chini ya hadubini hakukuwa na chembe nyekundu hata moja. Hapo ndipo jibu lilipokuwa limelala. Kijiti kinatambua himoglobini, iwe ndani ya chembe au nje. Mkojo wenye himoglobini bila chembe unasema damu inavunjika ndani ya mishipa. Matokeo hayo yaliandikwa "damu kwenye mkojo, rudia", na himoglobini ya siku hiyo, 6.6, ikaelezwa kuwa ni kidonda kuvuja kwa ndani.

Siku ya 9 himoglobini ilikuwa 5.4. Wodi iliomba chupa mbili kwa haraka, na ikaomba maabara itumie sampuli ileile ya siku ya 0 ili kuokoa muda.

Maabara inakataa

Mtaalamu wa zamu alikataa sampuli ya zamani. Mtu aliyeongezewa damu, au aliyekuwa mjamzito, ndani ya miezi mitatu iliyopita hupimwa kwa sampuli isiyozidi siku tatu, kwa sababu mwili wake unaweza kuwa unatengeneza kingamwili mpya wakati huohuo. Kanuni hii wengi wanaijua kwa kichwa na kuilegeza kwa mdomo pale simu zinapokuwa nyingi. Hapa haikulegezwa.

Sampuli mpya ilipofika, plazma ilikuwa na wekundu baada ya kuzungushwa. Chembe ya uchunguzi namba 1 ilitoa 1+ (nguvu ya mshikano husomwa kutoka 1+ hadi 4+), namba 2 ilibaki hasi. Coombs ya moja kwa moja, inayopima kama chembe zilizomo mwilini tayari zimefunikwa, ilikuwa chanya dhaifu: mashada madogo yakielea kati ya chembe nyingi zilizo huru. Sura hiyo ya mchanganyiko inaonyesha kuna aina mbili za chembe ndani ya mtu mmoja, na ni moja tu inayoshambuliwa. Kwa vitendanishi vilivyotenganishwa, IgG, yaani kingamwili yenyewe, ilikuwa dhaifu na C3d, alama inayoachwa na komplimenti (protini za damu zinazotoboa chembe), ilikuwa na nguvu zaidi.

Simu ilipigwa wodini kabla ya kipimo kingine chochote: "Daktari, damu tusiitoe kwanza. Mgonjwa anavunja chembe alizopewa, na tukimpa nyingine ya kubahatisha atazivunja nazo."

Kuitafuta kingamwili

Paneli ya chembe 11, ambazo antijeni zake zinajulikana, ilionyesha mpangilio ulio wazi. Chembe zote za Jk(a+b−), yaani zenye antijeni Jka ya mfumo wa Kidd lakini zisizo na Jkb, zilitoa 2+ hadi 3+. Chembe za Jk(a+b+) zilitoa 1+ au chini yake. Chembe za Jk(a−) zote zilikuwa hasi. Tofauti hiyo ya nguvu huitwa dozi: chembe ya mtu aliyerithi Jka kwa wazazi wote wawili hubeba antijeni nyingi zaidi kuliko ya aliyerithi kwa mmoja, na kingamwili za Kidd zinajulikana sana kwa kuchagua namna hiyo. Paneli ilirudiwa kwa chembe zilizotibiwa kwa papaini, majibu yakapanda daraja. Hilo liliondoa Duffy, kwa kuwa papaini huharibu antijeni Fya na Fyb lakini hukoleza Kidd na Rh.

Kisha kingamwili iling'olewa kwenye chembe za mgonjwa kwa asidi ya glaisini na kupimwa kwenye paneli hiyohiyo. Ilikuwa anti-Jka. Maji ya mwisho ya kuoshea yalipimwa sambamba na yalikuwa hasi. Bila hatua hiyo huwezi kujua kama kingamwili uliyoipata ilikuwa imeshika chembe au ilikuwa mabaki ya plazma yaliyokwepa kuoshwa.

Swali lililofuata lilikuwa kama mgonjwa mwenyewe ana Jka. Ukimpima mtu aliyeongezewa damu juzi, unapima chembe za wachangiaji pamoja na zake. Kwa HbSS kuna njia fupi nzuri ya kukwepa hilo: chembe zikioshwa mara kadhaa kwa salini ya asilimia 0.3, zenye himoglobini ya kawaida hupasuka na zile za selimundu hustahimili. Zilizobaki zilikuwa Jk(a−b+). Sampuli ya vinasaba ilipelekwa pia na baadaye ikathibitisha.

Vipande vya mirija ya chupa zile mbili vilikuwa bado kwenye friji, kwa sababu benki hii huvitunza siku 14 baada ya kuongezewa. Viwango vingi vinadai angalau siku 7, na kwa kisa hiki siku 7 zingekuwa zimekwisha. Vipande vyote viwili vilikuwa Jk(a+).

Ushahidi wa mwisho, ambao kwa maoni yetu ndio unaopaswa kutafutwa kwanza kwa wagonjwa wa selimundu, ulikuwa kipimo cha aina za himoglobini. Sampuli ya siku ya 4 iliyokuwa imetunzwa ilikuwa na HbA, himoglobini ya kawaida, asilimia 29. Ya siku ya 9 ilikuwa na asilimia 7. Piga hesabu: 8.4 mara 0.29 ni gramu 2.4 za wachangiaji, 5.4 mara 0.07 ni gramu 0.4. Mtu mwenye HbSS hana HbA yake mwenyewe, kwa hiyo tarakimu hizo mbili zinatosha kusema chembe za chupa zote mbili karibu zimekwisha. Kuvuja kwa kidonda kungeondoa chembe za aina zote kwa uwiano uleule, na asilimia ya HbA isingeshuka.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo lingine la kutisha. Himoglobini yake mwenyewe ilitoka 6.0 hadi 5.0. Chembe zake, zisizo na Jka, nazo zilikuwa zinapungua, na chembe nyekundu changa, zinazotoka kwenye uboho, zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 11 hadi 3. Hii ndiyo sura ya uvunjaji uliopitiliza, ambao huwapata hasa wagonjwa wa selimundu: himoglobini inashuka chini ya pale alipoanzia kabla hajaongezewa.

Siku ya 10 mama wa mgonjwa aliulizwa kuhusu hospitali ya utotoni. Alirudi mchana na bahasha ya nailoni. Ndani yake kulikuwa na kadi ndogo iliyokatika pembe, wino umepauka lakini unasomeka: "Anti-Jka. Apewe damu Jk(a−)". Ilikuwa imeandikwa miaka minane kabla.

Kuongeza au kutoongeza

Silika ya kila mmoja ikiwa himoglobini ni 5 na inashuka ni kutundika chupa. Katika uvunjaji uliopitiliza, damu zaidi inaweza kuchochea moto, hata ikiwa imelinganishwa vizuri. Uamuzi ulikuwa kutoongeza maadamu anapumua vizuri, akili iko sawa na moyo unahimili. Alipewa imunoglobulini ya mshipa gramu 20 kwa siku kwa siku tano (takribani gramu 0.4 kwa kilo), taratibu na maji ya kutosha ili kulinda figo, pamoja na predinisoloni miligramu 1 kwa kilo, asidi ya foliki na dawa ya kuamsha uboho. Steroidi kwa selimundu zina gharama yake, kwani maumivu yanaweza kurudi zinapopunguzwa, na hilo lilizungumzwa naye waziwazi. Damu ya vipimo ilichukuliwa kwa tyubu za watoto. Mgonjwa wa himoglobini 5 hapaswi kupoteza mililita 20 kila asubuhi kwa ajili ya maabara.

Wakati huohuo benki ilitafuta damu ya Jk(a−), ili ikihitajika iwepo. Kati ya watu wenye asili ya Afrika ni takribani 8 kwa 100 tu wasio na Jka. Kwa wenye asili ya Ulaya ni kama 23 kwa 100. Wachangiaji wengi wa benki hii ni wa kundi la kwanza, na kwa hesabu hiyo kupata chupa mbili kunahitaji kupima kama 25. Zilichaguliwa kwanza chupa za B na O zisizo na C, E wala K, ndipo zikapimwa Jka, ili kitendanishi ambacho ni adimu kisipotee kwa chupa zisizofaa. Zilipimwa 41, zikapatikana 3. Kila mzunguko wa upimaji ulikuwa na chembe ya kuhakiki ya Jk(a+b+), si ya Jk(a+b−). Kitendanishi kilichochoka bado kinaweza kuona chembe yenye dozi kamili na kushindwa kuona yenye nusu, na hiyo nusu ndiyo itakayompa mgonjwa madhara. Baada ya hapo zote 3 zilifanyiwa ulinganifu kamili hadi hatua ya Coombs.

Siku ya 12 himoglobini ilifika 4.1. Mapigo yalikuwa 128 akiwa amelala na alianza kukosa pumzi akizungumza. Hapo mizani iligeuka. Alipewa chupa moja ya Jk(a−), kwa saa tatu na nusu, akiwa bado kwenye imunoglobulini na steroidi. Chupa mbili zilizosalia zilibaki kwenye friji.

Matokeo

Siku ya 13 himoglobini ilikuwa 5.2 na mkojo ulianza kung'aa. Chembe changa zilirudi kupanda siku ya 15. Figo zilisumbuka kidogo, kisha zikarudi bila kusafishwa damu. Siku ya 20 himoglobini ilikuwa 6.7, karibu na kawaida yake, na siku ya 24 aliruhusiwa kwenda nyumbani. Nyonga ilipona vizuri.

Uchambuzi: nini kingelizuia

Katika kikao cha tathmini lawama ya kwanza iliangukia kipimo kifupi cha ulinganifu, na ya pili seti ya chembe za uchunguzi. Ya pili ilikuwa na msingi. Karatasi ya seti ile ilionyesha chembe namba 1 ni Jk(a+b+) na namba 2 ni Jk(a−b+). Hakukuwa na chembe yenye dozi kamili ya Jka, na seti ya namna hiyo haifai kwa mgonjwa anayeongezewa mara kwa mara. Imeshabadilishwa kwa seti ya chembe tatu.

Hata hivyo lawama hizo zilipimwa badala ya kuaminiwa tu. Plazma ya siku ya 0 ilikuwa bado ipo. Ilipimwa na chembe za Jk(a+b−) kwa LISS: hasi. Ikafanyiwa ulinganifu kamili, hadi Coombs, na vipande vya chupa zile mbili: hasi kwa zote. Ni chembe ya Jk(a+b−) iliyotibiwa kwa papaini pekee iliyotoa mshikano hafifu, ambao msomaji mmoja kati ya wawili aliukosa. Kwa maneno mengine, seti bora na ulinganifu kamili vingetoa jibu lilelile, na damu ileile ingetoka. (Sampuli ya EDTA inachangia pia. EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye tyubu, hunasa kalsiamu, komplimenti haiwezi kufanya kazi kwenye tyubu, na baadhi ya kingamwili dhaifu za Kidd huonekana kwa urahisi zaidi kupitia komplimenti.)

Tabia hii ya Kidd imejulikana kwa miongo mingi. Mfumo wenyewe uligunduliwa mwaka 1951, miaka sita tu baada ya Coombs, Mourant na Race kuchapisha kipimo chao, katika damu ya mama aliyekuwa na kingamwili dhidi ya chembe za mtoto wake. Kingamwili zake huibuka, hufifia hadi vipimo visizione, na chembe za kumbukumbu za kinga hubaki zikisubiri. Jka ikiingia tena, mwili hauanzi upya. Ndani ya siku chache kingamwili imejaa, na kwa kuwa inaamsha komplimenti vizuri, uvunjaji unaweza kutokea ndani ya mishipa. Ndiyo maana siku ya 7, si dakika ya saba.

Kwa hiyo kipimo pekee ambacho kingemlinda siku ya 0 kilikuwa ile kadi iliyokuwa kwenye bahasha. Na njia ya kuifikia ilikuwepo, kwenye sentensi moja ya daftari la wauguzi. Swali la fomu lilikuwa la ndiyo au hapana, na jibu la "haijulikani" lilikubaliwa bila mtu kupiga simu. Sasa fomu inauliza: ameongezewa damu wapi, mara ya mwisho lini, ana kadi, aliwahi kuambiwa damu yake ni ngumu kupatikana? Jibu la "haijulikani" kwa mgonjwa wa selimundu linasimamisha maombi yasiyo ya dharura hadi mtu wa maabara azungumze na mgonjwa au ndugu. Maabara pia hupigia simu hospitali zote alizowahi kutibiwa. Mara nyingi simu hiyo huchukua muda mfupi kuliko kipimo chenyewe.

Upungufu wa pili ni kutopima antijeni zake zote mapema. Mgonjwa wa selimundu anapaswa kupimwa Rh kamili, K, Kidd, Duffy na S/s kabla ya chupa ya kwanza ya maisha yake, au kwa vinasaba kama ameshaongezewa. Kuwa Jk(a−) kungeonekana, na hata bila historia mtu angejiuliza.

Upungufu wa tatu ni zile siku mbili za "maumivu ya selimundu". Wodi sasa ina kanuni moja fupi: mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu ndani ya siku 28 akipata maumivu, homa, njano au mkojo mweusi, damu hupelekwa siku hiyohiyo kwa Coombs ya moja kwa moja, uchunguzi wa kingamwili na asilimia ya HbA. Kila mgonjwa hupimwa HbA mara baada ya kuongezewa, ili tarakimu ya kulinganisha iwepo. Katika kisa hiki ilipatikana kwa bahati, kwa kuwa tyubu ya siku ya 4 haikuwa imetupwa.

Coombs ya moja kwa moja ikiwa hasi haiondoi shaka. Chembe zilizofunikwa zikishavunjika zote, hakuna kilichobaki cha kushikana. Hapa asilimia ya HbA ndiyo inayosema.

Ufuatiliaji

Mgonjwa alipewa kadi mpya ngumu, nakala ikapigwa picha kwenye simu yake na ya mama yake, na taarifa ikatumwa kwa kila hospitali aliyoitaja. Kwenye mfumo wa benki jina lake limefungwa: chupa isiyo na alama ya Jk(a−) haitoki bila daktari wa benki kuidhinisha.

Katika mwezi wa tano baada ya kuongezewa alirudi kliniki na damu yake ilipimwa tena kwa seti mpya ya chembe tatu, kisha kwa paneli nzima ya 11. Zote zilikuwa hasi. Ripoti ilitoka ikiwa na mistari miwili: "Hakuna kingamwili iliyoonekana leo. Ana anti-Jka, apewe Jk(a−) pekee."